Vidole Vitatu vya Mbao

Ubaruku, Mbarali
11 Februari 2024

Baba mdogo Nashoni,

Shikamoo. Ule mpira wa kitako cha bunduki uliotuma ulifika Jumanne na gari la mchele la Kalinga, lakini Baba ameutupa zizini, ng'ombe wameukanyaga mpaka umezama kwenye samadi. Nimeutoa, nimeuosha, nimeuficha jikoni kwa mama juu ya kichanja cha kuni. Naomba usikasirike.

Huku wote tupo. Mama anakusalimia sana, anauliza wewe shemeji yake utakuja lini. Dada Nyamizi amejifungua mtoto wa kike kule Igurusi, tumeambiwa ana nywele nyingi. Mvua ipo, mpunga tumeshapandikiza, migongo inauma watu wote. Ng'ombe mmoja alikufa, yule mweupe mwenye pembe moja, kama unamkumbuka. Pengine humkumbuki, alizaliwa umeshaondoka.

Sasa hilo la mpira. Nilimpa Baba nikamwambia unafungwa mwisho wa kitako, ili bunduki isimpige teke sana. Akaugeuzageuza. Akauliza, "Umetoka Iringa?" Mimi nikanyamaza. Mimi nikiulizwa kitu huwa nanyamaza. Akasema bunduki haivai kiatu. Ndo akautupa.

Mimi sijasoma, niliishia la tano, lakini naonaga vitu. Bega la Baba limekwisha. Akidhani hakuna anayemtazama anakula kwa mkono wa kushoto, anageukia ukutani kwanza. Shati anavaa kwa kuanzia mkono wa kulia, polepole, halafu anasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Anaulizwa, anasema ni baridi. Ubaruku kuna baridi gani?

Ninachoogopa ni hiki. Mwezi wa kwanza marisau, zile chembe za risasi ya bunduki yetu, yalimpata maksai wa Gerson, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, yakamwingia pajani. Maksai hakufa ila sasa anachechemea, hawezi jembe. Baba akasema ni yeye amekosea, akampa Gerson ndama. Basi tangu hapo watu wanasema mzee amekwisha. Mtendaji wa kijiji ametoa barua, wenye bunduki wote mwezi wa sita waende Rujewa polisi, wakaguliwe wao na silaha zao. Mzee asiyeweza kuimudu ataiacha hukohuko. Na kwenye mto huu wote shotigani yenye kibali ni hii moja ya Baba. Ikienda hiyo, nguruwe pori watakula mpunga wa watu wote mpaka mzizi. Na Baba sijui atabaki nani. Watu wakimwita wanamwitaga Mzee wa Bunduki, jina lake la Masanja wameshalisahau.

Mama alisema wewe ni fundi seremala na zamani ulikuwa unapiga bunduki hii hii. Ndo maana nakusumbua. Ningepiga simu ila tunajua masikio yako hayashiki simu, na meseji huzioni. Barua itaenda na Kalinga akipeleka mchele.

Ni mimi mwanao,
Mihayo Masanja


Tosamaganga
3 Machi 2024

Mwanangu Mihayo,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesogea dirishani. Severina mke wangu anawasalimia, ndiye aliyekwenda kuipokea kwa Kalinga kule stendi ya Iringa. Alikuwa anakohoa tangu Krismasi, amepewa dawa, sasa analala. Mimi natengeneza milango na majeneza, milango ndiyo michache. Huku watu wanakusalimia kamwene, salamu ya Kihehe, mikono wameificha kwapani. Baridi ya kweli iko huku, mwambie Kaka.

Kusema bunduki haivai kiatu, mwache. Mpira ni jambo la mwisho. Yapo ya kutangulia.

La kwanza, mtu akishaumizwa na teke anaanza kuishika bunduki mbali kidogo na bega. Hapo ndo anajiumiza zaidi. Ukiiachia nafasi itakimbia ile nafasi yote halafu ikugonge ikiwa na mbio. Ibanwe kwenye nyama ya bega, isikae kwenye mfupa, na shavu lilale juu ya mbao. Mguu wa kushoto mbele, goti lilegee, mwili uende mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni. Akisimama wima kama anapigwa picha, itamkalisha.

La pili ni risasi. Zipo za baruti nyingi na zipo za kawaida. Kaka alikuwa anapenda zile kali kana kwamba kila siku anakutana na nyati. Anunue nyepesi. Nguruwe wa kwenye mpunga unampiga kwa karibu, hatajua tofauti. Bega litajua.

La tatu ni urefu wa kitako, na hili ndilo la fundi. Mkono wake akunje kiwiko kiwe kona. Uchukue kamba, upime toka pale kiwiko kinapokunjia mpaka kiungo cha kwanza cha kidole kinachovuta triga. Ukate. Kamba ya pili upime bunduki yenyewe, toka triga mpaka mwisho wa kitako. Usiniandikie namba, futi za madukani zinadanganya. Nitumie kamba zenyewe.

Bunduki ihakikishwe haina kitu ndani kabla hujaigusa. Ufungue, uangalie, halafu uangalie tena.

Kuja siwezi kwa sasa. Kazi.

Baba yako mdogo,
Nashoni


Ubaruku
20 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo Severina pole yake na kikohozi, mama amesema achemshe tangawizi na majani ya mpera. Mtoto wa Nyamizi ameitwa Regina. Alipoletwa kuonwa Baba alimpokea kwa mkono mmoja tu, wa kushoto, watu wakacheka wakasema babu anaringa. Mimi sikucheka.

Kamba zako ziko ndani ya bahasha. Nyeupe ni mkono. Ya bluu ni bunduki, nimeichomoa kwenye kiroba.

Risasi nyepesi zimepatikana Rujewa, zimebaki chache, Baba alikwenda mwenyewe na kibali chake. Baba alizishika mkononi akasema, hizi ni za kufukuzia njiwa. Ila amezinunua.

Juzi asubuhi nguruwe waliingia kwa mama Atuganile, yule mjane Mnyakyusa, shamba lake limepakana na letu. Watu wengi walikuwepo, wanapalilia. Baba akaitwa. Mkono wake haukupanda, mimi nilikuwa nyuma yake nikaona umeishia nusu ya njia. Kwa hiyo akapiga bunduki ikiwa chini ya kwapa. Ikamtupa. Alikaa chini kwenye jaruba la mpunga, maji yakafika hapa kifuani. Gerson akasema, "Mwacheni, mzee amekaa kupumzika." Watu wakacheka, na Baba naye akacheka. Akasema, "Maji ya leo matamu, njooni tukae." Ila nyumbani hakula.

Mama ameshona kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nane ndani ya shati, upande wa bega. Kinasaidia kidogo. Tafadhali fanya haraka, mpunga unaanza kushika maziwa, na nguruwe huo ndo wanaupendaga.

Mihayo


Tosamaganga
8 Aprili 2024

Mwanangu Mihayo,

Marahaba. Tuko wazima. Severina anakunywa majani ya mpera, anasema ni machungu ila anakunywa kwa heshima ya mama yako.

Kamba ya bluu sikuhitaji hata kuipima. Tatizo ni ile nyeupe. Mimi na Kaka Masanja tumelala ngozi moja utoto wetu wote, tumechunga pamoja, amenipiga makofi kwa mkono huo kuanzia Kahama mpaka huko kwenu Usangu. Mkono wa Kaka ni mrefu, akisimama vidole vinakaribia goti. Mkono ulionitumia umepungua urefu, upana wa vidole viwili. Uzee unaweza kupunguza mtu mgongo. Mkono haupunguzi.

Halafu umeandika kile kitambaa cha mama yako kinasaidia kidogo. Umejuaje kinasaidia?

Nani anapiga, Mihayo? Nijibu kabla sijagusa mbao. Sikasiriki. Nina umri wa kutokasirika.

Nashoni


Ubaruku
27 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Kalinga amepita hapa mara tatu na kila mara nilikuwa nimeishika karatasi, nikairudisha mfukoni. Leo ameniambia, "Wewe, bahasha yako inakuwa kama chapati, utaileta au utaila?" Basi nimekaa kwenye kivuli cha gari lake naandika, yeye anabadilisha tairi.

Ni mimi. Tangu mwezi wa kumi na mbili. Baba mkono haupandi, na nguruwe hawasubiri mtu apone. Watu wasipokuwepo ananipa mimi. Tunatoka wote wawili asubuhi, bunduki anabeba yeye, watu wanaona anabeba yeye. Tukifika kwenye matete ananipa. Halafu anaichukua tena, tunarudi. Kibali ni chake, najua ni kosa. Hatujaambizana kwamba tunaficha. Tumefanya tu.

Maksai wa Gerson ni mimi nilimpiga. Bunduki ile ikipiga, Baba mdogo, kidole gumba changu kinakuja kunigonga puani, natokwa damu. Bega linakuwa jeusi kama bilinganya, naoga peke yangu mama asione, lakini ameona, ndo maana kitenge alishona kwenye shati langu. Sasa kila nikikaribia kuvuta nafumba macho. Siamui, yanajifumba. Na mwili unaruka kabla hata haijalia. Siku ile nilifumba macho, nguruwe alikuwa kushoto, nilipofumbua nikasikia ng'ombe analia ng'ambo ya mfereji.

Gerson alikuja anakimbia. Mimi nilikuwa nimeishika bunduki hivi. Baba akaichukua mkononi mwangu taratibu kama anapokea kikombe, akamgeukia Gerson akasema, "Macho yangu haya, ndugu yangu. Nisamehe." Mimi nilinyamaza. Ningesema neno moja tu. Nikanyamaza, na bado nimenyamaza, na sasa mzee wa watu anachekwa kila jaruba kwa macho yangu mimi. Na mtendaji barua ile aliiandika kwa sababu ya yule maksai. Kwa hiyo bunduki ikichukuliwa ni mimi nimeichukua.

Na siku nyingine haitakuwa maksai. Mashamba yamejaa watu. Mama Atuganile hujifunga kanga ya kahawia na huinama, ukimwona kwa mbali kwenye mpunga ni mgongo tu. Naliwaza hilo nikilala.

Nisaidie isinipige sana ili niweze kufumbua macho. Nashindwa kusema zaidi, Kalinga ameshusha jeki.

Mihayo


Tosamaganga
12 Mei 2024

Mwanangu Mihayo,

Marahaba, na pole. Umesema la kwako, sasa nitasema la kwangu, maana nimechoka nalo.

Bunduki hiyo Kaka alipoinunua haikuwa hivyo. Mwisho wa kitako ilikuwa na mpira wa kahawia kutoka kiwandani, mnene kama mkate, na mbao yenyewe ilikuwa ndefu kuliko sasa kwa vidole vitatu. Ilimkaa Kaka kama imezaliwa naye. Mwaka mama yetu alipofariki, wewe hujaanza shule, Kaka alikwenda Kahama kuzika. Akaniachia mimi bunduki, ng'ombe na shamba. Alikaa miezi minne. Ndugu wakatuma habari kwamba atabaki kule, arithi mji wa mama, harudi Usangu tena.

Mimi mikono yangu ni mifupi. Bunduki ile ilikuwa inaninasa kwapani nikiipandisha, nachelewa, nguruwe anaondoka. Nikaiweka kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, nikakata vidole vitatu vya mbao pamoja na ule mpira. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Sikuikata kwa sababu ya nguruwe, Mihayo. Niliikata kwa sababu nilifikiri harudi, na nilishaiona ni yangu. Hata ng'ombe nilishaanza kuwaita wangu.

Akarudi. Alifika mchana, akaoga, akala, akaomba bunduki yake aisafishe. Akaiweka begani. Akaishusha, akaangalia pale nilipokata. Akaipandisha tena. Akasema, "Umeipaka mafuta vizuri." Basi. Hakusema jingine siku hiyo wala mwaka huo. Angenipiga ningebaki. Nilivumilia mpaka mavuno, nikaja huku kutafuta kazi ya useremala, na hakuna aliyenifukuza.

Kitako kikiwa kifupi kwa mkono mrefu, kidole gumba kinakupiga pua, bunduki inapata mwendo, na bila mpira inagonga mfupa. Kaka amepigwa hivyo miaka kumi na sita na hakwenda kwa fundi yeyote kukiongeza. Hapo kwenu mafundi wapo. Nadhani alikuwa ananisubiri mimi, au alikuwa ananiadhibu, sijui. Hata barua yako ya kwanza, ulivyoandika aliuliza kama mpira umetoka Iringa, niliiweka chini nikatoka nje.

Sasa kazi. Kwenye kifurushi kuna vipande viwili vya mninga, kila kimoja nimekibandika mpira wake mwisho. Matundu ya skrubu ni sawasawa, chochote kitaingia. Kirefu ni vidole vitatu, ni mkono wa Kaka. Kifupi ni kidole kimoja, ni mkono wako, nimepima kwa kamba yako nyeupe. Ndani ya kila kimoja nimetoboa nikamimina madini ya risasi niliyoyayeyusha. Bunduki nzito haina haraka ya kurudi. Viwili haviwezi kukaa pamoja. Nani wa kuchagua, mimi si mtu wa kusema.

Halafu macho. Hayo mbao haitayaponya. Mpe mtu mwingine akuwekee risasi, wewe umegeuka, usione. Mara aweke ganda lililokwisha, mara aweke nzima. Elekea kwenye tuta la mfereji, nyuma kusiwe na mtu wala mnyama. Ukivuta ikawa ganda, isipige, utajiona mwenyewe unavyoruka. Utaona aibu, na aibu hiyo ndo dawa. Fanya mpaka uvute usijue ni ipi. Huyo wa kuweka awe mtu mwenye uangalifu. Unajua ni nani.

Mwambie haya niliyoandika, au msomee. Au mpe tu kifurushi.

Nashoni


Ubaruku
9 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo wewe na mama mdogo. Nyamizi na mtoto wapo hapa kwetu, Regina ameanza kucheka. Mpunga wetu tumevuna nusu. Naandika mbiombio kidogo, utaona kwa nini.

Kifurushi kilichelewa. Gari la Kalinga lilikufa gea Makambako, likakaa siku tisa. Siku hizo tisa nguruwe walikula robo ya shamba la mama Atuganile, na Baba alikaa mlangoni na bunduki miguuni, na mimi nilikaa upande wa pili. Aliniangalia. Nikasema, "Baba, siwezi." Akasema, "Najua. Hata mimi siwezi." Tukaendelea kukaa.

Kilipofika nilimpa. Alikata kamba kwa meno. Akavitoa vile vipande viwili akaviweka mapajani, akavipitishia kidole gumba pale ulipopiga msasa. Nilianza kumsomea barua. Nilipofika pale pa kufikiri harudi akasema, "Ruka." Nikaruka. Nilipofika pale pa mafuta akasema, "Hapo nilimsifia kweli. Alikuwa ameipaka vizuri."

Akaleta bisibisi. Akafunga kile kirefu. Mwenyewe, mkono wa kulia umelala pajani, anazungusha kwa wa kushoto, hakutaka nimsaidie. Alipomaliza akasimama, akaipandisha begani. Nilikuja nyuma yake nikamshikia kiwiko kutoka chini, kikafika. Ikamkaa, Baba mdogo. Sijawahi kumwona nayo hivyo, shingo imenyooka, shavu limelala. Alikaa nayo pale mpaka mama akatoka jikoni akasimama na mwiko. Halafu akaniambia, "Niachie kiwiko." Nikaachia. Mkono ukashuka wenyewe.

Akakaa. Akafungua skrubu, akafunga kile kifupi. Akanipa.

Yule wa kuweka risasi alikuwa ni yeye. Tulikwenda kwenye tuta la mfereji siku sita. Siku ya kwanza nimevuta, kumbe ganda, bunduki imesema tik, na mimi nimeruka kama mbuzi aliyekanyaga moto. Baba akauliza, "Umemwona nani?" Ya pili ganda tena, nikaruka tena. "Bado yupo?" Ya tatu ilikuwa nzima, nikafumba macho. Ila haikunipiga puani. Ilinisukuma, kama ng'ombe anapokusukuma kwa kichwa akitaka chumvi. Hiyo tu. Nilishangaa mpaka nikasahau kuogopa ya nne. Siku ya sita alinichanganyia nane, sikujua ipi ni ipi, sikuruka hata moja. Baba akaokota maganda akasema, "Zimetuishia risasi za njiwa, zimebaki zile kali."

Alhamisi, jua linaelekea kushuka, nguruwe wakaingia kwa mama Atuganile, watu wakiwepo. Gerson, mtendaji mwenyewe alikuwa amekuja kuangalia mavuno, wote. Baba akaitwa. Akaja na bunduki begani, akafika katikati yao, akanipa mimi. Hapo mbele yao. Mama Atuganile nilimtafuta kwanza nikamwona yuko nyuma yangu. Nikabana, nikaegemea mbele. Nilipovuta macho yalikuwa wazi. Nilikuwa sijawahi kuona, Baba mdogo. Majani yanalala kwanza, halafu nguruwe analala juu yake, halafu moshi. Miezi yote hiyo nilikuwa naikosa sehemu hiyo.

Hakuna aliyepiga makelele. Gerson akanitazama, akaitazama bunduki, akasema, "Kumbe na maksai wangu ulikuwa wewe." Nikafungua mdomo. Baba alikuwa ameshaanza kusema, "Bunduki ni yangu, kwa hiyo..." Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza Baba. Nikasema, "Ni mimi. Nilifumba macho, nikanyamaza. Nisamehe." Nilisema kwa sauti ndogo ila walisikia. Gerson akatema mate pembeni, akasema, "Ndama nimeshampa jina, simrudishi." Halafu akasema, "Pua yako nilikuwa naiona imevimba. Nikajua unapigwa na mama yako."

Mtendaji alituita pembeni. Alisema ameona kwa macho yake mtu asiye na kibali anapiga, hawezi kusema hajaona. Tusisubiri ukaguzi wa mwisho wa mwezi. Twende wenyewe tukaseme, Baba aombe kibali kiandikwe jina langu. Wanaweza kukubali, wanaweza kuichukua moja kwa moja, wanaweza kutuweka ndani kwanza wote wawili. Hajui. Baba akasema, "Twende, nimechoka kubeba kitu cha mtu mwingine." Sikuelewa ni kitu gani alichosema, bunduki au kingine.

Kwa hiyo ni leo. Mama ameniwekea viazi kwenye mfuko, na shati la pili kwa ajili ya kulala ndani kama itabidi. Bunduki imefungwa kwenye blanketi, risasi ziko mbali kwenye begi la mama. Kile kipande kirefu Baba amekipaka mafuta ya nazi, amekiweka juu ya mlango, ndani. Nimemuuliza kama nikirudishe Iringa na Kalinga. Akasema kisirudishwe. Akasema nikuandikie, aliyeikata bunduki aje akichukue mwenyewe, kabla kuni hazijatuishia. Alisema hivyo huku anafunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, hakuinua uso, lakini mimi naonaga vitu.

Naondoka sasa. Kalinga anatupitisha Rujewa kabla hajaja kwenu na barua hii, na afande wa silaha yupo mpaka saa sita tu. Baba ameshapanda mbele. Ameniambia niharakishe, kwa sababu kule hataki kuingia peke yake.

Mwanao,
Mihayo